Kaza Mpaka Ilie, Legeza Mpaka Inyamaze

Tarehe 6 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku wote tunakula na kulala, kwa hiyo soma barua hii ukiwa umekaa vizuri. Goti la dada yako limempa likizo wiki hii. Anapanda ngazi bila kulalamika kila hatua, ila sasa amepata nafasi ya kulalamika kuhusu mimi. Kuku wanataga. Duka la mikate limeniongezea oda, trei ishirini kila asubuhi, na wananiita Mama Mayai mbele ya wateja.

Nimekupigia simu mara tatu. Kila mara ulipokea, ukauliza "Nani? Nani?" kisha ukakata. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jogoo akaitikia, wewe hukuitikia. Basi nimeshika kalamu.

Shida ni Kobe. Tangu uniachie pikapu hii mwezi wa kwanza, ulipohamia kwa mwanao, haikunisumbua hata siku moja. Sasa gurudumu la mbele kulia linaunguruma. Nikienda polepole ni kru-kru-kru, kama mtu anatafuna changarawe. Nikiongeza mwendo inakuwa nguuu moja ndefu. Nikikata kona kwenda kushoto inazidi, nikikata kulia inapungua. Na mayai yanapasuka, manne matano kila trei. Fundi wa kona, yule mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta, alisikiliza akiwa amesimama dirishani, akaniambia ninunue tairi mbili mpya. Nikamwambia asubiri nimwulize Fundi Sikio. Akacheka: "Atalisikia kutoka huko aliko?" Nikamjibu, wewe humjui mjomba wangu, huyo huujua ugonjwa wa gari kabla halijaingia getini.

Usichelewe kujibu. Njia ya kwenda duka la mikate ina ule mteremko mkali unaoishia sokoni, katikati ya watu.

Mpwa wako

*

Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mwanangu mzima. Mkaza mwanangu ananilisha kupita kiasi. Anaongea kwa sauti ya chini mno, lakini chakula chake kinaeleweka. Kuhusu simu, usijilaumu. Simu za siku hizi ni takataka, watu wanaongea humo kana kwamba wamejaza pamba mdomoni. Barua ndiyo mawasiliano.

Kazi yangu hapa imekuwa kazi hasa. Karakana hii ni ya mabasi ya shule, mabasi kumi na manane, na mimi ndiye wa magurudumu ya mbele. Hakuna basi linalobeba watoto kabla sijazungusha gurudumu lake kwa mkono na kulisikiliza. Jina langu limenitangulia, hata mkuu wa karakana ananiita Sikio.

Sasa Kobe. Tairi haina hatia, mwambie huyo fundi asikuuzie mpira kwa kosa la chuma. Ukikata kushoto, uzito wote unaliangukia gurudumu la kulia, na anayelia ni yule mwenye mzigo. Hiyo ni beringi. Hakikisha hivi: endesha robo saa, simama, weka kiganja katikati ya gurudumu upime joto. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa pili. Halafu inua kwa jeki, weka vidole kwenye springi, zungusha tairi. Kama vidole vinatetemeka, usibishane tena na mtu.

Lakini nashangaa. Beringi hizo nilizifunga mwenyewe wiki moja kabla ya kuondoka, zikiwa mpya. Aliyeniuzia bila shaka alinipa feki ndani ya boksi zuri.

Kwa hiyo wewe usinunue boksi, nunua chuma. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Namba imechongwa kwenye pete yake, na lazima ilingane yote, usikubali "inakaribiana". Namba ya kuchongwa ukucha unakwama. Ya feki imepakwa tu, sugua kwa mafuta ya taa uone kama haitoki. Pima uzito, ya zamani mkono huu, mpya mkono ule. Na ile pete ya nje ambayo beringi inakaa ndani yake, sisi tunaiita bakuli, nunua nayo mpya. Beringi mpya kwenye bakuli kuukuu ni ndoa ya wiki moja. Chukua na sili mpya, ule mpira unaozuia grisi isivuje, na grisi ya kuvumilia joto, si ile ya bawaba za mlango.

Sheria yangu unaijua tangu hujaota meno ya pili: spea ya zamani haitupwi. Mwenye gari anaishika mkononi aone gari lake lilichougua, kisha inatundikwa ukutani na karatasi yake. Nitumie hiyo kwa basi la mizigo. Nataka kuisoma.

Mjomba wako, Sikio

*

Tarehe 2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Goti limerudi kazini, naye amerudi kulalamika kwa zamu, goti asubuhi na mimi jioni.

Nimefanya yote. Kiganja nilikiweka, la kulia likaniunguza kidole. La kushoto nalo lilikuwa na joto kidogo, nikadhani ni jua. Vidole kwenye springi vilitetemeka kama ulivyosema. Fundi wa kona akaacha habari ya tairi, akalifungua.

Dukani waliniletea maboksi matatu. La kwanza namba haikulingana. La pili ililingana, nikaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikahamia kwenye kitambaa. Muuzaji akaniambia, "Dada, zote ni moja, tofauti ni boksi tu." Nikamwambia basi niuzie boksi, chuma nitapata kwingine. Watu walicheka mpaka akaenda stoo mwenyewe kuleta la tatu. Hiyo ukucha ulikwama. Nilinunua na bakuli, na sili, na grisi.

Fundi alikaza kwa spana ndefu yenye mshale, huku anasoma kipimo kwenye kitabu. Nikamwambia mjomba wangu hahitaji kitabu. Akageuza ukurasa. Kobe ananyamaza sasa. Jana lilipasuka yai moja tu, nalo nililikalia mwenyewe.

Ya zamani fundi aliiweka mahali, sijui wapi. Nitamwuliza.

Mama anauliza kama unasikia vizuri siku hizi. Anauliza tu.

Mpwa wako

*

Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Jibu lako la boksi nimelisoma kwa sauti mezani, mwanangu akacheka hadi akakohoa. Ukucha wako umenifurahisha.

Lakini nilikuuliza beringi, umenijibu mayai. Wewe hujawahi kupoteza hata kifuniko cha sufuria, tangu lini unapoteza chuma kinachojaa kiganja? Mbane huyo fundi wako.

Halafu hiyo spana yenye mshale. Hata hapa wameileta, nimeifungia kabatini. Miaka thelathini na minne nafunga magurudumu kwa maneno aliyonipa fundi aliyenifundisha: kaza huku unazungusha mpaka ilie, legeza mpaka inyamaze, piga pini. Beringi yenyewe inakuambia imetosha. Mshale utajua nini?

Mwambie dada ashughulike na goti lake. Masikio yangu yako mahali pake, moja kila upande.

Sikio

*

Tarehe 29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima sana. Mvua imenyesha siku nne, banda likavuja upande wa mlango, nimeziba kwa bati. Mama alifuma kofia ya mtoto wa jirani ikawa kubwa, sasa inafunika redio. Duka la mikate wamepaka rangi ukuta wa mbele, ilikuwa nyeupe, sasa ni ya kijani isiyokolea. Imependeza. Mlango nao wamepaka.

Ile beringi fundi aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Samahani. Tuiache tu.

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima wote huku.

Ukianza kuniandikia rangi za ukuta, najua kuna kitu umekikalia, na safari hii si yai. Njia ya mwongo ni fupi, nawe hujazoea hata kuitembea. Nina swali moja. Fundi alipofungua gurudumu, pini inayozuia nati ilikuwa imekunjwaje?

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za nyumbani nitaziandika mwishoni kama nitakuwa na nguvu.

Pini ilikunjwa kwa mkono wako. Mguu mmoja juu ya nati, mwingine umekatwa na kulazwa pembeni, ule mkunjo ambao mafundi wote wa huku wameujaribu wakashindwa. Hakuna aliyefungua gurudumu lile baada yako. Fundi wa kona ndiye aliyenionyesha, na hakucheka. Alisema, "Dada, huyu mzee namheshimu, na bado nitamheshimu. Lakini tazama." Beringi imegeuka buluu kama shingo ya njiwa. Grisi ilikuwepo, imeungua ikawa lami. Namba imechongwa, ukucha unakwama. Si feki, Mjomba. Ilikazwa kupita kiasi, ikajichoma yenyewe.

Haikupotea wala haikuuzwa. Imekaa chini ya kitanda changu wiki zote hizi, ndani ya trei ya mayai, imefungwa gazeti.

Nilinyamaza kwa sababu wewe ni Sikio. Nilikua nikikaa juu ya tairi pale gerejini kwako, naona watu wazima wanazima redio zao na kusubiri uinamishe kichwa. Sikutaka niwe mimi wa kukuambia. Lakini kila asubuhi nikishuka ule mteremko napishana na basi la shule, watoto wamebandika pua kwenye vioo, na nakumbuka maneno yako kwamba hakuna basi linalotoka kabla hujalisikiliza. Nikimficha mjomba wangu aibu, nawaficha na wale watoto hatari.

Lile swali la masikio lilikuwa langu, si la Mama. Juzi ndipo nilimwambia. Akasema siku ile unaondoka alikuita mara mbili kutoka mlangoni, hukugeuka. Alidhani umenuna. Amekuwekea kinyongo miezi minne.

Nakupenda na ninaogopa. Beringi nimempa dereva wa basi la mizigo. Isome.

Habari za nyumbani ndizo hizo.

Mpwa wako

*

Tarehe 26 Mei

Mpwa wangu,

Kifurushi kimefika asubuhi hii. Kabla ya kitu kingine chochote: siku ile nilifunga magurudumu yote mawili ya mbele, kwa mikono hii hii na masikio haya haya. Uliniandikia tarehe 2 Aprili kwamba la kushoto lina joto. Nilisoma nikapita, kwa sababu nilikuwa natafuta feki.

Egesha Kobe. Usishuke mteremko ule hata kwa trei moja. Mkaza mwanangu amekupigia mara nne, simu yako imezimwa, ndiyo maana barua hii nampa dereva yule yule akukabidhi mkononi.

Mimi nakwenda kwa mkuu wa karakana sasa hivi, kabla ujasiri haujapoa.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Dereva alinikuta uani, trei kumi na mbili ziko ndani na ufunguo uko mkononi. Nilisoma nimesimama, nikazishusha zote.

Fundi wa kona alikuja na jeki yake mpaka nyumbani. Beringi ya kushoto nayo imegeuka buluu, si kama ya kulia, ila pembeni grisi imeanza kukauka. Alisema ingeweza kufika mwisho wa mwezi, au isifike. Pini ilikuwa yako. Sasa nimefunga mpya pande zote mbili. Siku tatu nilipeleka mayai kwa mkokoteni, na wale wa duka la mikate wakaniuliza kama Kobe amefariki. Nikawaambia amelazwa tu.

Mama anaomba radhi kwa kinyongo. Halafu anaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo uende hospitali haraka. Nimemwambia methali hiyo haifai kwa mtu kama wewe. Amesema inafaa kabisa.

Wewe je? Na mabasi je? Usiniache hivi.

Mpwa wako

*

Tarehe 17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuandikia nikiwa nimemaliza.

Mwanangu mzima. Mkaza mwanangu amekiri kwamba miezi mitano amekuwa akinitania kila nikimpa mgongo, na ameomba msamaha kwa kila utani, ingawa mwingine ulikuwa mzuri.

Mkuu wa karakana aliyazuia mabasi yote siku ile ile. Wazazi walikuja getini kulalamika. Nikasimama mbele yao nikasema kosa ni langu, mtu mwingine asilaumiwe. Mmoja alinitukana. Nilimwona mdomo tu, lakini nilielewa. Magurudumu niliyoyafunga mimi tangu nifike hapa ni kumi na moja. Saba nilikuwa nimeyakaza kupita kiasi, na beringi za mawili, ya basi la watoto wa chekechea, zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Hakuna lililokwama njiani.

Hospitali daktari alinivalisha vile vya masikioni, akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa nasubiri mlio uanze. Nilisubiri kwa adabu zote. Mwisho akanivua, akasema tumemaliza. Sauti nene nazisikia. Zile nyembamba za juu zilishaniaga, labda miaka miwili sasa, polepole, bila kugonga mlango. Na beringi hulia kwa sauti nyembamba. Nilikuwa nakaza huku nangoja kilio ambacho kilishalia kikapita. Sikujua, lakini nisikudanganye, sikutaka kujua pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nililia pale pale kwenye kiti, daktari akajifanya anatafuta karatasi.

Hawakunifukuza. Nimejitoa mwenyewe kwenye ukaguzi wa mwisho. Spana ya mshale imetoka kabatini. Kuna binti fundi hapa mwenye masikio ya paka, yeye anazungusha na kusikiliza, mimi nasoma mshale na kuweka vidole kwenye springi. Vidole bado vizima. Nimepewa na kifaa cha sikio. Kinasumbua. Hivi ninavyoandika, kalamu inakwaruza karatasi, nami sikumbuki mara ya mwisho kusikia kalamu.

Mwambie fundi wa kona asante. Akija huku nitamfundisha mkunjo wa pini.

Beringi yako nimeitundika ukutani, mlangoni kabisa, kila anayeingia aione. Karatasi yake nimeandika kwa mkono wangu: Kobe, mbele kulia. Aliyefunga: Sikio. Ilimlilia, hakuisikia. Nimepiga misumari miwili. Nitumie na ya kushoto.

Jumapili saa nne asubuhi nipigie simu, dada awe karibu nawe. Nikiuliza "Nani?", sitakata. Semeni tena.

Mjomba wako